Rejista za Leta katika Nyumba ya Mjane

Mama huyo alikuja ofisini kwetu asubuhi ya mvua, ameshika mwavuli mkubwa wa kiume na bahasha ya kaki. Mume wake alikuwa amefariki miezi michache kabla. Ndugu za marehemu walikuwa wameanza kusema kwamba ndoa yao haikuwahi kuandikwa serikalini, kwa hiyo nyumba ya mtaa wa Nyalukemba ni ya ukoo. Yeye alikuwa amezaa watoto watano katika nyumba hiyo. Alikuwa mkunga aliyestaafu, na mikono yake ilikuwa imepokea watoto wa mji huu wengi kuliko ninavyoweza kukisia. Sasa, uzeeni, alitakiwa kuonyesha karatasi ya kuthibitisha kwamba aliolewa.

"Tuliandikishwa mu biro hii hii," aliniambia, akigonga meza ya ofisi. "Nilivaa viatu ya dada yangu, viliniuma sana, siwezi kusahau ile siku. Kitabu iko hapa."

Kitabu kilikuwepo, hilo sikulitilia shaka. Sikujua tu kama bado kinasomeka.

Mimi ndiye niliyekuwa mtunza nyaraka. Chumba changu kilikuwa chini ya ofisi, nusu yake imezama kwenye kilima kama vyumba vingi vya Bukavu, na kila mvua iliyonyesha mlimani ilipitia humo kabla ya kushuka ziwani. Nilikuwa na meza moja, balbu moja, na maturubai niliyoyanunua mwenyewe ili kufunika rafu. Chini ya maturubai hayo kulikuwa na rejista za kuzaliwa, za ndoa na za vifo, hesabu za watu tangu enzi za Wabelgiji, orodha za vibarua wa mashamba ya chai na ya kinini, ule mti wa dawa ya malaria, madaftari ya kazi ya barabara. Nilipoanza kazi nilikuwa msichana, nikazipenda. Baada ya miaka mingi nilikuwa naona haya kuzionyesha. Mtu akija kuuliza karatasi ya zamani nilimwambia arudi wiki ijayo, nikitumaini atachoka. Wengi walichoka.

Mama huyu hakuchoka. Alikaa kwenye benchi la koridoni siku tatu, na kila nilipopita alinisalimu kwa adabu kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana. Siku ya tatu nilishindwa, nikamwambia tushuke pamoja.

Alinimulikia kwa tochi ya simu. Nilimsikia anavuta pumzi alipoona ukuta unaotiririka maji na mabuku yaliyovimba hadi kupasua mishono yake. Rejista ya ndoa tuliipata kwenye rafu ya nne. Kurasa zilikuwa zimegandana. Nilitaka kuzitenganisha kwa nguvu, akanizuia, akaniomba nafasi. Akaingiza kucha ya kidole kidogo pembeni, akapuliza, akangoja, akasogea kidogo, akapuliza tena. Sijawahi kuona mtu akishika karatasi namna ile. Ilituchukua karibu saa nzima kufika kwenye ukurasa wake. Jina lake lilikuwepo, na saini ya mume wake, na alama ya kidole gumba cha shahidi aliyekuwa hajui kuandika.

Alicheka peke yake, akasema, "Viatu ya dada yangu." Kisha akainua simu na kumulika chumba kizima, pole pole, ukuta hadi ukuta.

"Na hii ingine yote?"

"Ni ya batu bote, mama. Kuzaliwa, kufa, kazi, mashamba."

"Inaoza?"

"Inaoza."

Nilimtolea nakala, shefu wangu, mkuu wa ofisi, akagonga muhuri, na nilisikia baadaye kwamba mashemeji walinyamaza.

Wiki mbili zilipita, akarudi bila bahasha. Alinieleza kwamba sehemu ya chini ya nyumba yake ilikuwa depo ya mume wake, aliyekuwa mfanyabiashara wa kahawa. Kuta kavu, sakafu ya mbao iliyoinuliwa ili magunia yasiguse unyevu, madirisha ya kupitisha hewa pande mbili. Tangu kifo cha mumewe ilikuwa tupu. "Kahawa haikuoza mule hata siku moja," alisema. "Karatasi njo itaoza?"

Nilicheka, nikidhani anatania. Alikuwa anangoja jibu.

Shefu wangu alikuwa mtu mwangalifu, si mbaya. Nilipomfikishia habari hiyo alivua miwani. "Karatasi za Leta mu nyumba ya mujane? Mama, unataka banifukuze kazi?" Leta ndilo jina letu la serikali, nalo hutamkwa kwa sauti ya chini kidogo. Alikataa mwezi mzima. Ndipo mvua moja kubwa ikaangusha kipande cha ukuta juu ya rejista za vifo. Alishuka mwenyewe na viatu vyake vizuri, akasimama kwenye maji, akaniambia nilete kalamu. Barua tuliyoandika ilisema kwamba nyaraka zinabaki mali ya taifa, kwamba mama anaazima nyumba tu, kwamba ufunguo ninakaa nao mimi, na kwamba kila buku litakalotoka kwenye rafu litaandikwa katika daftari la nyendo. Mama aliisoma mara mbili, akaomba kuongeza sentensi moja kwa mkono wake: kwamba raia yeyote atakayekuja kutafuta jina la mtu wake aingie, bila kuulizwa ametumwa na nani.

Nilikuwa nimezoea kuona wafadhili wanaokuja na gari na bango. Msaada wa mama huyu ulikuwa wa aina nyingine. Aliita watu aliowazalisha. Seremala alileta rafu kwa sababu mke wake alikuwa ameokoka katika kujifungua kwa mikono ya mama. Wakunga wenzake waliostaafu walikuja na brashi za kupakia rangi, zile laini, wakafundishwa nami kufagia ukungu kuelekea nje ya buku, na baada ya siku mbili wakawa wananifundisha mimi. Tuliyaanika mabuku yaliyolowa kivulini, tukitia karatasi za kunyonya maji kati ya kurasa na kuzibadilisha kila baada ya muda kama nepi. Mwenye studio ndogo ya picha karibu na soko la Nyawera, anayepiga picha za pasipoti na za harusi, alikuwa baba wa mapacha waliotoka kwa shida. Kila Jumatatu alifunga studio yake, akaja na kamera na taa mbili, akapiga picha kurasa moja moja. Alikuwa mzungumzaji sana kwa wateja wake. Mbele ya rejista alikuwa kimya. Siku moja aliniambia, "Harusi, batu banacheka mbele ya kamera. Hawa hawakujua kama siku moja mutu atawapiga picha."

Kwa raia tulifungua kila Alhamisi. Parokia chache zilitangaza baada ya misa, na watu wakaanza kuja mmoja mmoja: mwalimu anayetafuta tarehe yake halisi ya kuzaliwa, dada wawili wanaotaka kujua kama mama yao alikuwa na mtoto mwingine kabla yao, mwanafunzi wa chuo kikuu anayeandika juu ya mashamba ya kinini. Mama alikuwa akishuka saa nne kuwaita wote barazani wanywe chai, maana nilikuwa nimepiga marufuku vikombe karibu na karatasi.

Kati ya waliokuja alikuwa mwanamke wa kijiji cha Miti, muuza kabichi na karoti, wa umri wangu hivi. Alikuwa akipanda gari la alfajiri na mzigo wake, anauza, kisha anakuja kwetu na kikapu kitupu. Alikuwa anamtafuta babu yake. Babu alichukuliwa na Wabelgiji kwenda kazi ya barabara wakati baba yake bado anabebwa mgongoni, na hakurudi. Hakuna aliyewahi kuwaambia kama alikufa, alikimbia, au alioa kwingine.

"Papa aliuliza mpaka siku ya kufa," alinieleza. "Alikuwa muzee, meno imeisha, na bado anauliza: papa yangu iko wapi? Kama mutoto."

Tulipitia madaftari ya barabara Alhamisi tatu. Hayakuwa yamepangwa kwa vijiji bali kwa vikosi vya kazi, na mwandishi mmoja aliandika majina kama alivyoyasikia na mwingine kama alivyopenda. Alhamisi ya nne nilikuwa nimefungua buku jembamba lenye jalada la kijani. Vichwa vya safu vilikuwa vya Kifaransa: jina, kijiji, chifu, siku za kazi, adhabu, maelezo. Yeye alikuwa hasomi Kifaransa, lakini majina aliyasoma, akishuka na kidole hewani, sentimita moja juu ya karatasi kama nilivyomfundisha. Kidole kikasimama.

"Huyu," alisema.

Lilikuwa jina la babu yake, kijiji chake, chifu wake. Katika safu ya adhabu kulikuwa na neno fimbo, limeandikwa mara mbili kwa siku tofauti. Katika safu ya maelezo, mahali ambapo kurasa nyingine zilikuwa tupu au na neno moja la Kifaransa, mwandishi alikuwa ameandika kwa Kiswahili, kwa herufi ndogo zilizonyooka: *Alikufa kwa homa. Tulimzika ngambo ya muto, chini ya kilima, upande wa kuume ukitoka mujini.*

Nilimsomea kwa sauti. Aliomba nirudie, nikarudia. Alifunika uso wake kwa kitambaa cha kichwa, akakaa hivyo.

Mama mwenye nyumba alikuwa ameingia kutuita chai. Alisimama nyuma yangu, nadhani ili kumpa pole mgeni, akainama juu ya bega langu. Alikuwa haangalii jina la babu. Alikuwa anaangalia saini iliyokuwa chini kabisa ya ukurasa.

"Chai inapoa," alisema, akatoka.

Mgeni alipoondoka, amekumbatia kikapu chake, mama aliniita sebuleni kwake juu. Hakunikaribisha kuketi, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Ule mwandiko naufahamu," alisema. "Njo ilikuwa inanifikia kila mwezi nilipokuwa kwa masista. Papa yangu aliniandikia barua mpaka nilipomaliza masomo. Ni yeye."

Nilifunga mlango nyuma yangu.

"Kwetu tulisema papa alikuwa karani. Tulijivunia. Hatukusema karani wa nini." Alitazama mikono yake. "Ile kitabu niachie, mutoto yangu. Siku kidogo tu."

Nilimpa. Ninaliandika hili wazi kwa sababu katika masimulizi yangu kwa wengine nimezoea kuliruka. Nilikuwa mtunza nyaraka wa taifa kwa zaidi ya miaka ishirini, nikashuka ngazi, nikatoa buku la kijani kwenye rafu, nikampelekea. Katika daftari la nyendo niliandika: *linatengenezwa*. Nilijiambia kwamba ni huruma. Huruma ilikuwepo kweli, maana nilikuwa nimempenda kama mama mkwe. Ila kulikuwa pia na hofu. Kama angekasirika, mabuku elfu yangerudi kwenye maji kwa ajili ya moja.

Alhamisi iliyofuata mwanamke wa Miti alikuja na kaka zake wawili. Mkubwa alikuwa amevaa koti la suti juu ya shati lililofungwa mpaka shingoni, kama anayekwenda kwenye misa ya mazishi. Walitaka kuona jina kwa macho yao.

Niliwaambia kitabu kinatengenezwa.

Kaka mkubwa alitikisa kichwa pole pole, bila kushangaa. "Tulijua," alisema. "Kila fasi sisi tunafika, kitabu inakuwa haiko."

"Lakini mie niliiona!" dada yake alimgeukia, kisha akanigeukia mimi. "Mama, mie na weye tuliiona. Kidole yangu ilikuwa juu ya jina. Waambie."

Nikasema, "Iliandikwa, ni kweli. Murudi siku ingine."

Siku ingine. Nilijisikia niko tena kwenye korido ile, nawaambia watu warudi wiki ijayo. Walishukuru, ndilo lililoniumiza zaidi, wakaondoka wakitembea mstari mmoja kwenye njia ya kupanda barabarani.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama kwenye ngazi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alinifanyia ishara nipande.

Buku lilikuwa chumbani kwake, juu ya meza ya kando ya kitanda, limefungwa kwa kitenge safi. Alilifungua. Alikuwa ametia vipande vya uzi mweupe kwenye kurasa nyingi.

"Nimesoma yote," alisema. "Iko fasi aliandika fimbo, na iko fasi aliandika wapi walizika mutu. Mwandiko ni ule ule. Nilikuwa natafuta kama mukono ilitetemeka pale pa fimbo. Haikutetemeka."

Aliketi kitandani.

"Mutoto yangu wa Kinshasa ananiambia nichome. Anasema nyumba ni yangu, nani ataniuliza? Anasema weye mama ulipatia batu nyumba, sasa wanaanza kuvua nguo papa yako." Alisawazisha kitenge juu ya meza. "Nimefikiri sana ju ya ile karatasi yangu ya ndoa. Kama ningekuta mutu mwingine amefungia ile kitabu mu chumba yake ju ya haya yake, leo ningekuwa nalala wapi?"

"Mama, si lazima muonane nao," nilisema. "Nitawaonyesha mimi. Saini hawaifahamu."

"Mie naifahamu," alijibu. "Waite."

Nilishuka na buku. Katika daftari la nyendo nilipiga mstari mmoja juu ya neno nililoandika, ili liendelee kusomeka, na pembeni nikaandika ukweli pamoja na jina langu. Kisha nikampigia simu yule mwanamke wa Miti.

Walikuja Jumamosi, watu watatu wale wale. Mama alikuwa amevaa kikwembe chake cha kanisani. Niliweka buku mezani, nikafungua ukurasa, nikasoma, na kaka mdogo akaanza kulia kwa sauti kabla sijamaliza. Kaka mkubwa alisimama tu. Tulipotulia, mama akasema, akiwatazama wote:

"Yule aliyeandika hii alikuwa papa yangu. Njo yeye aliandika fimbo, na njo yeye aliandika kaburi. Kitabu hakikuwa kinatengenezwa. Mie nilikificha. Nilipata haya. Naomba musamaha kwenu."

Kaka mkubwa hakutukana. Alichukua kofia yake mezani, akatoka, akaenda kusimama kwenye geti, ametugeuzia mgongo. Alibaki hapo mpaka mwisho, na chai yake ilirudi jikoni kama ilivyokuja.

Mwanamke wa Miti hakutoka. Alivuta kiti karibu na mama.

"Alikuwa anawaambia kitu? Huyo papa yenu?"

"Hapana. Hata neno moja. Alipenda kunyamaza."

"Papa yangu aliuliza mpaka akafa, na wenu alinyamaza mpaka akafa." Alitazama buku mezani. "Na jibu ilikuwa kwake."

"Ilikuwa kwake," mama alisema.

Sikuona wakikumbatiana, na sitaandika kwamba walikumbatiana. Walikaa karibu, mikono ya kila mmoja mapajani, na baada ya muda mwanamke wa Miti akauliza kama anaweza kupata picha ya ukurasa huo. Mwenye studio alikuwa ameshaitengeneza, ukurasa mzima bila kukata kitu, pamoja na saini. Shefu wangu aliigongea muhuri Jumatatu asubuhi bila kuuliza maswali, jambo ninalomheshimu kwalo mpaka leo.

Waliniomba nifuatane nao kutafuta mahali, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kusoma maneno yale vizuri. Mama hakualikwa na hakuomba kwenda. Alinipa tu thermos ya chai na mkate kwa ajili ya njia, na sikumwambia kaka mkubwa ilitoka wapi.

Barabara ile naijua tangu utoto, nimepita juu yake kwenda Kavumu mara zisizohesabika nikiwaza mambo yangu. Siku hiyo tuliteremka kwenye gari baada ya daraja dogo. Kilima kilikuwepo, upande wa kuume. Mto ulikuwepo pia, ila mwenye shamba la maharage tuliyemkuta hapo alituambia kwamba zamani ulipita mbali zaidi, ulihama wakati wa utoto wa mama yake. Kwa hiyo "ngambo ya muto" inaweza kuwa hapa, au pale kwenye migomba, au chini ya maji yenyewe. Tulizunguka asubuhi nzima. Hapakuwa na jiwe wala alama. Nilianza kuona haya kwa niaba ya maandishi, kana kwamba nimewaahidi kitu nisichoweza kutoa.

Mwanamke wa Miti hakuona hivyo. Alichagua mahali pakavu, akavua viatu, akaliita jina la babu yake kwa sauti kubwa mara tatu, kisha akamwambia kwa Mashi, lugha ya kwao, nikaelewa nusu, kwamba mwana wake alikuwa amemtafuta, kwamba hakuwa amemsahau. Kaka mdogo alisali. Mwenye shamba alivua kofia na kuweka jembe chini. Kisha tukala mkate.

Tulipokuwa tunangoja gari la kurudi, kaka mkubwa alikuja kusimama kando yangu. Siku nzima hakuwa amenisemesha.

"Mule mu kitabu," alisema, "iko batu ingine ya kijiji chetu?"

"Iko wengi."

"Unayo majina?"

Nilikuwa na picha za kurasa kwenye simu. Nikaanza kumsomea pale kando ya barabara, malori yanapita yanatutupia vumbi, naye ananisimamisha kila baada ya jina. Huyu ukoo wake uko karibu na kanisa. Huyu wajukuu wake walihamia Bukavu, mmoja anauza mbao. Huyu simjui, lakini mama yangu mudogo atamjua. Aliomba kalamu, akaandika kwenye upande wa ndani wa paketi ya biskuti.

Yeye ndiye aliyetujazia chumba. Alhamisi iliyofuata alileta watu wa familia mbili, na iliyofuata nne. Mwanzo alikuwa anawafikisha mpaka getini, anarudi. Siku hizi anaingia, anavaa miwani ya kusomea ya dada yake, na kuwafundisha wageni kushuka na kidole bila kugusa karatasi. Yeye na mama husalimiana. Zaidi ya hapo sijui, na sidhani wao wenyewe wanajua.

Watu huniuliza kwa nini kazi ya Leta ifanywe na mjane katika nyumba yake. Ni swali la haki, na shefu wangu huliuliza pia kila anapoandika ripoti kwa wakubwa kuomba jengo. Jengo halijaja. Mama ameandika barua mbele ya mwanasheria kwamba sehemu ya chini ibaki ya rejista mpaka serikali ipate mahali pakavu, hata yeye akiwa hayupo. Watoto wake wanne wametia saini. Yule wa Kinshasa bado. Mama anasema hatamlazimisha, kwamba na yeye anamlilia babu yake kwa njia yake.

Mwezi uliopita aliniomba nipande na daftari jipya. Alitaka aniambie anayokumbuka juu ya baba yake, yote, niyaandike, tuyape namba, tuyaweke kwenye rafu pamoja na buku la kijani. "Kuna siku mutu atakuja kumutafuta yeye," alisema. "Akute kitu."

Nilimuuliza tuanzie wapi, kwenye kazi ya barabara au kwenye kuzaliwa kwake.

Alianza na sambaza, dagaa wadogo wa ziwa letu. Alisema baba yake alipenda sambaza zilizokaushwa vizuri mpaka zinavunjika, na kwamba alikuwa akiwatolea watoto vichwa kwanza kwa sababu aliamini ndiyo sehemu tamu, na kwamba wao hawakuvipenda lakini walivila. Nilinyanyua kalamu, nikamuuliza kama kweli na hilo niliandike.

"Andika," alisema. Nikaandika, naye akaendelea.